John Chaplin: Kocha wa Chuo Aliyewapeleka Wakenya Pullman na Rekodi Zikaanza Kuanguka

Ukiskia jina Chaplin, kitu ya kwanza inakuja kwa akili ni yule jamaa wa kofia na fimbo kwenye filamu za zamani. Huyo ni Charlie. Huyu wetu ni John, na kama uko na binamu ama beste aliyeenda Marekani kusoma juu ya miguu yake, John Chaplin ni mmoja wa wale waliofyeka hiyo njia wakati ilikuwa bado kichaka.

Kwanza ujue mahali tunaongelea. Washington State University, WSU kwa ufupi, iko Pullman, mji mdogo upande wa mashariki wa jimbo la Washington. Usichanganye na Washington DC, ni mbali kabisa. Pullman ni vilima, mashamba ya ngano na baridi ya kukata masikio. Hakuna bahari, hakuna taa za Hollywood. Sasa wewe kama kocha utamshawishi vipi kijana wa California mwenye spidi aache jua aje hapo? Ngumu.

Chaplin alikuwa mtu wa hapohapo. Alisoma WSU, akakimbia mbio fupi, kisha akarudi kuwa msaidizi wa kocha mkuu Jack Mooberry. Mwaka wa 1973 akapewa timu, na akakaa nayo mpaka 1994. Miaka 21. Alipoona vijana wa karibu hawaji, akaangalia mbali. Mbali sana. Akafika mpaka kwetu.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue vile riadha ya vyuo huko hufanya kazi. Sisi tumezoea mtu anashinda, anavalishwa medali, story imeisha. Kule, chini ya NCAA, kila nafasi ina pointi za chuo. Kwa hesabu ya siku hizi, wa kwanza huletea chuo pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6, inashuka hivyo mpaka wa nane anapata 1. Msee mmoja akishinda mita 5,000 na mita 10,000, peke yake ameleta pointi 20. Kocha naye hupimwa kwa hizo pointi. Ufadhili wa masomo pia hauko wa kumwaga, kwa hivyo kila nafasi lazima ilete kitu. Sasa fikiria thamani ya mkimbiaji mmoja kutoka Nandi anayeweza mbio tatu tofauti.

John Ngeno ndiye aliyeonyesha inawezekana. Alifika miaka ya mwanzo ya sabini akaanza kubeba mataji ya NCAA. Baada yake wakaja Joshua Kimeto na Samson Kimobwa, kisha mwaka wa 1976 akatua Henry Rono. 1977 WSU ikachukua ubingwa wa kitaifa wa NCAA wa mbio za ndani ya ukumbi. Chuo cha katikati ya ngano, manze! Juni mwaka huohuo Kimobwa akaenda Helsinki akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27:30.47.

Hiyo ilikuwa utangulizi tu.

Aprili 8, 1978, kwenye mashindano ya kawaida ya vyuo huko Berkeley, California, Rono alikimbia mita 5,000 kwa 13:08.4. Rekodi ya dunia. Hakukuwa na mtu wa kumsukuma, alikuwa anashindana na saa. Mei 13 huko Seattle, akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Rekodi. Juni 11 Vienna, mita 10,000 kwa 27:22.47, akaifuta ile ya Kimobwa, mwenzake wa chuo. Juni 27 Oslo, mita 3,000 kwa 7:32.1. Rekodi nne za dunia kwa siku 81, na bado alikuwa mwanafunzi. Mpaka leo ukiuliza wazee wa riadha mwaka gani ulikuwa moto zaidi kwa mkimbiaji wa masafa, wengi watakutajia huo.

Sasa hapo ndipo kelele ilianza kuwa kubwa. Makocha wengine Marekani walilia kwamba hii si haki. Rono alizaliwa 1952, kwa hivyo alipoingia chuo alikuwa na miaka 24, na alikuwa anashindana na vijana waliotoka sekondari juzi. Wengine walisema ufadhili wa masomo unapaswa kwenda kwa watoto wa Marekani. Chaplin hakurudi nyuma, na hakuwa peke yake. Chuo cha Texas pale El Paso, UTEP, kilifanya vilevile na kikazoa mataji mengi, kikiwa na watu kama Suleiman Nyambui wa Tanzania. Baadaye NCAA ikaleta sheria za kumkata muda wa kushindana mtu anayejiunga na chuo akiwa amechelewa. Hizo sheria zimebadilishwa mara kadhaa, lakini wazo lake bado liko, na linawauma Wakenya wengi wanaomaliza shule, wanakaa miaka mitatu wakikimbilia pesa barabarani, ndipo wanatafuta chuo.

Kwangu mimi, lawama ya umri ilikuwa na ukweli kidogo na wivu mwingi. Swali gumu lilikuwa lingine: kijana akishaleta pointi, ni nani anamwangalia?

Angalia huo mwaka wa Rono hadi mwisho. Baada ya rekodi nne, Julai akaenda All-Africa Games huko Algiers, akashinda mita 10,000 na viunzi. Agosti akaenda Jumuiya ya Madola pale Edmonton, akashinda mita 5,000 na viunzi. Kisha akarudi chuo, msimu wa mbio za nyika ukaanza, na Novemba kwenye fainali za NCAA, mbio alizokuwa ameshinda 1976 na 1977, akamaliza nambari 237. Mia mbili thelathini na saba! 1979 akarudi akashinda tena, lakini ile nambari inakuambia mwili ulikuwa umefika wapi.

Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja, kwa sababu Kenya iligomea Montreal 1976 na Moscow 1980. 1981 aliibuka tena akaishusha rekodi yake ya mita 5,000 hadi 13:06.20 huko Knarvik, Norway. Lakini pombe ilikuwa imeshamshika, na yeye mwenyewe aliieleza wazi kwenye kitabu chake. Kuna wakati aliishi bila makao, na kuna wakati alibeba mizigo uwanja wa ndege Albuquerque. Alirudi nyumbani 2019 na akafariki Nairobi Februari 2024, siku chache baada ya kutimiza miaka 72.

Sisemi Chaplin ndiye alimpa chupa. Maisha ya mtu hayana sababu moja. Wenzake wengi walipita Pullman hiyohiyo wakatoka fiti. Julius Korir alishinda dhahabu ya viunzi Olimpiki ya Los Angeles 1984. Peter Koech alipata fedha Seoul 1988, na mwaka uliofuata pale Stockholm akakimbia 8:05.35. Yaani rekodi ya Rono ya viunzi ilikaa miaka 11, na aliyeivunja alikuwa mtu wa WSU, kwa sehemu tano za mia za sekunde.

Chaplin mwenyewe alifika juu kabisa: Sydney 2000 alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani. Dhahabu moja ya huko, ya kupokezana vijiti 4x400, ilichukuliwa 2008 baada ya Antonio Pettigrew kukiri alitumia dawa.

Kwa hivyo kocha wa chuo akikuandikia leo, muulize mambo ambayo vijana wa miaka ya sabini hawakuwa na mtu wa kuwaambia waulize. Ufadhili ni wote ama ni nusu? Wakufunzi wengi huugawanya vipande vipande, na kile kipande kinabaki ni mathe na budako watalipa kwa dola. Ukiumia, unabaki? Utakimbia misimu mingapi kwa mwaka, ukijua kuna nyika, ukumbi na uwanja, zote tatu? Na je, ukimaliza utakuwa na digrii ya kitu gani?

Miaka miwili baada ya Chaplin kustaafu, kijana mmoja wa Kapsabet aliyekuwa anasoma JKUAT alienda Pullman kwa njia ileile. Bernard Lagat alimkuta hapo kocha msaidizi kutoka China, James Li. Chuo kiliisha lakini Li hakumwachilia: shaba ya Sydney na fedha ya Athens akiwa na jezi ya Kenya, dhahabu mbili za Osaka 2007 akiwa na ya Marekani, mpaka Rio 2016 ambako Lagat alimaliza wa tano mita 5,000 akiwa na miaka 41. Alipotundika njumu, Lagat akaenda chuo kikuu cha Arizona kuwa kocha wa mbio za nyika. Sasa ni yeye anapiga simu kutafuta vijana.