Meli ya vita iliyoturudisha Uvira



Wengi wetu tunaijua Liemba kama ile meli iliyotutoa Kigoma na kuturudisha Uvira mwaka 1997. Lakini haikutengenezwa juu ya kubeba wakimbizi, na hata jina lake la kwanza halikuwa hilo.

Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa ndani ya masanduku karibu 5,000, ikapita baharini hadi Dar es Salaam, halafu kwa treni hadi Kigoma. Mafundi watatu Wajerumani walisimamia kazi ya kuiunga upya, na Waafrika wengi walifanya kazi chini yao. Iliingizwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita ikiwa imeisha kuanza.

Wakaiita Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa koloni lao. Ni katika utawala wake Vita ya Maji Maji ilianza, mwaka 1905. Meli ilibeba askari, mizigo na mzinga, na ng'ambo hii yetu Wabelgiji waliiogopa.

Julai 1916 Wajerumani walikimbia. Wakapaka mashini grisi nzito juu kutu isizile, wakaizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waingereza waliiinua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikarudi kazini na jina Liemba. Hilo ni jina la zamani la ziwa kule kusini. Livingstone alilisikia kwa wenyeji.

Jina la gavana lilifutwa. Lakini wale waliobeba vyuma na kugonga nyundo pale Kigoma, historia inawaita tu "wafanyakazi". Siye pia tunaweza kubaki hivyo. Mwaka 1997 Liemba na Mwongozo zilirudisha zaidi ya wakimbizi 75,000. Hiyo ni hesabu, si majina.

Njo maana tunafungua daftari. Kila jamaa ituletee majina ya wote waliopanda meli, ya watoto waliozaliwa ukimbizini, na ya wazee waliobaki makaburini ng'ambo. Wafadhili wetu, msaada tunaoomba ni karatasi na usafiri wa waandishi kufika vijijini. Wazee walioona safari ile wanapungua kila mwaka. Tuanze nao.