Chembe Sahani na Bakteria: Hoja ya Ukusanyaji

Mwanafunzi wa tiba huja chuoni na jibu moja kuhusu chembe sahani: zinagandisha damu. Jibu hilo lina umri mrefu, kwani Giulio Bizzozero alizieleza mwaka 1882, na sina ugomvi nalo. Ninalolipinga ni jibu jipya linaloenea katika maandishi ya kinga ya mwili, kwamba chembe sahani ni wauaji wa bakteria kama zilivyo chembe nyeupe. Wenye hoja hiyo husema zina vipokezi vya kutambua bakteria, kikiwemo TLR4, na zimebeba protini zinazodhuru vijidudu. Yote mawili ni kweli. Lakini protini iliyoua bakteria ndani ya kichupa cha maabara haijaonyesha bado kwamba ndiyo inayowaua ndani ya mshipa.

Naamini kazi kubwa ya chembe sahani ni kukusanya: kumshika bakteria, kumbana mahali pamoja, na kumwachia mwingine amalize.

Tulitazame ini la panya. Mwaka 2013 Connie Wong na wenzake, katika maabara ya Paul Kubes kule Calgary, Kanada, walielekeza hadubini kwenye ini la panya aliye hai, damu ikipita. Katika panya mzima, chembe sahani zilionekana zikigusa seli za Kupffer, walaji wakazi wa ini, na kuachia. Zikigusa tena na kuachia, kama mlinzi wa usiku anayepita akitikisa kufuli za maduka. Mguso huo unatokana na kipokezi GPIb kushika protini ya von Willebrand. Seli ya Kupffer ilipomnasa bakteria aina ya Bacillus cereus, mguso wa kupita ukageuka kuwa mshiko. Kipokezi kingine kikaingia kazini, chembe sahani zikarundikana, mpaka bakteria akafunikwa. Panya waliokosa GPIb waliharibika ini na kufa upesi. Mpangilio wa matukio ndio ninaoutilia mkazo: seli ya Kupffer ilimnasa kwanza, chembe sahani zikaja baadaye kumzingira ili asiponyoke.

Watafiti wa Munich waliongeza jambo mwaka 2017. Walionyesha kwamba chembe sahani, ambazo hata kiini hazina, hutambaa zenyewe, zikiwang'oa bakteria walioganda kwenye uso wa mshipa na kuwafunga mafungu mafungu. Mafungu hayo yaliwachochea nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, kufanya kazi kwa nguvu zaidi. Hata ule utafiti wa Calgary wa mwaka 2007, unaotajwa sana na wapinzani wangu, unanisaidia mimi: chembe sahani zilitoa ishara, lakini nyavu za DNA zilizowanasa bakteria zilirushwa na nyutrofili.

Nitaambiwa kwamba Staphylococcus aureus hujishikiza kwenye chembe sahani na kujenga makao juu ya vali ya moyo. Ni kweli, na ni ugonjwa wa kuogofya. Ila tazama kinachotokea pale: bakteria wamekusanywa vilevile, lakini ndani ya tabaka lile nene chembe nyeupe hazipenyi kirahisi. Mkusanyo usiofikiwa na mlaji huwa hifadhi ya adui. Wengine watataja jaribio la Australia lililohusisha wazee 16,703, ambapo aspirini, dawa inayozidhoofisha chembe sahani, haikupunguza vifo vya sepsisi. Jaribio hilo halinigusi sana, maana mshiko wa GPIb hauzuiwi na aspirini.

Uzito wa suala hili uko wodini. Katika kupima ukali wa sepsisi, hesabu ya chembe sahani ikishuka chini ya 150,000 kwa mikrolita, mgonjwa huongezewa alama, na mara nyingi tunausoma upungufu huo kama ghala lililoisha. Huenda sehemu yake ni chembe zilizokwisha kwenda kazini, zimeng'ang'ania kwenye ini na mapafu, mahali ambapo sindano ya mkononi haiwezi kuzichota. Ndiyo maana jaribio la PlaNeT-2, lililochapishwa mwaka 2019, linanisumbua. Watoto njiti 660 wenye upungufu mkubwa waligawanywa: kundi moja liliongezewa chembe sahani hesabu ikishuka chini ya 50,000, jingine chini ya 25,000. Waliofariki au kutokwa damu vibaya walikuwa asilimia 26 katika kundi la kwanza, na 19 katika la pili. Jaribio halikulenga maambukizi, wala halithibitishi hoja yangu. Lakini linavunja dhana kwamba kujaza hesabu ni kujaza kinga.

Kwa hiyo, mtoto mwenye sepsisi asiyetokwa damu, kabla ya kuandikiwa mfuko wa chembe sahani, daktari wake ajiulize zile alizokuwa nazo juzi zimekwenda wapi. Na sisi watafiti tumpatie kipimo cha kumjibu, kinachopima uwezo wa chembe zilizobaki kushika bakteria, kwa sababu mashine zetu za leo zinazihesabu tu.