Somo Linapohama Nyumba

Ukitaka kuifuata njia ya viwango vya pamoja katika vyuo vyetu, anzia Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU, wanafunzi wachache wa sheria waliketi kuanza masomo ya chuo ambacho baadaye kilihamia Mlimani na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu walikuwa naye pale pale, ila shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Suala la nani anapanga kipimo lilitufikia zamani, kabla hatujaiona kompyuta.

Waliokosa nafasi chuoni walisoma kwa posta na kwa redio. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu karibu milioni 2 wakashiriki. Kwa wiki 12 mambo yalikwenda hivi: kikundi kinaizunguka redio, kinasikiliza kipindi, kiongozi anasoma kijitabu kwa sauti, kisha unafuata mjadala wa malaria, kichocho au kuhara. Hawatawanyiki mpaka wameamua la kufanya, kama ni kuchimba choo au kufyeka majani yaliyoizunguka nyumba. Redio ikiwa ya kampuni yoyote, kipindi kilikuwa kile kile. Urahisi huo kompyuta ilikuja kuupoteza.

Hapa njia inavuka bahari hadi Australia. Mwaka 1951, Alice Springs ilianza kuwafundisha kwa redio watoto wa mashamba ya mbali jangwani, kwa mitambo iliyotokana na ile ya Alfred Traeger, ambaye jenereta yake ilipigwa pedeli kama baiskeli. Miaka mingi baadaye mtoto mmoja wa jangwa la Australia, Martin Dougiamas, alisoma kwa redio vivyo hivyo. Alipokua akafanya kazi Chuo Kikuu cha Curtin, Perth, akiutunza mfumo wa kufundishia kwa mtandao wa WebCT, uliozaliwa Kanada mwaka 1996 mikononi mwa Murray Goldberg. Mfumo huo haukumridhisha. Akaandika wa kwake, Moodle, na Agosti 2002 akatoa toleo la 1.0: msimbo wazi, bure kwa yeyote mwenye seva.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilipitia WebCT na Blackboard kabla ya kutulia kwenye Moodle. Mwaka 2006 kampuni ya Blackboard ilikamilisha kuinunua WebCT, na vyuo vingi duniani vikaanza kuhesabu gharama ya kuhama. Mhadhiri aliyetunga maswali mia mbili ndani ya mfumo mmoja hana hamu ya kuyatunga upya kwa sababu kampuni mbili zimeoana.

Kilio hicho wenye ndege walikwishakilia. Mafunzo ya kompyuta ya ndege ya aina hii hayakufunguka kwenye mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya ndege ya aina ile, na mwaka 1988 wakaunda kamati ya kupanga kanuni za pamoja. Mwaka 1997 Marekani ikaanzisha mradi uliosimamiwa na Wizara ya Ulinzi, na mwaka 2000 ukatoa kanuni za kufungasha masomo ya kompyuta ziitwazo SCORM.

Fungua kifurushi cha SCORM uone: ni faili la zip la kawaida, na ndani yake kuna orodha iitwayo imsmanifest.xml, inayotaja kila ukurasa, picha na jaribio, na mpangilio wake. Mwanafunzi akifungua somo, somo linaubishia hodi mfumo, linaeleza amefika wapi na amepata alama ngapi, kisha linaaga. Mfumo wowote unaozifahamu kanuni hizo unalipokea. Ni kazi safi. Lakini kinachosafiri humo ni kurasa na alama. Ule mjadala wa baada ya kipindi, ambao ndio uliochimba vyoo mwaka 1973, hauna mstari wake kwenye orodha.

Kwetu kulikuwa na kikwazo kingine, bomba lenyewe la mawasiliano. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, kilirusha mihadhara kwa setilaiti hadi madarasa ya nchi mbalimbali, mingine kutoka vyuo vya Australia na Marekani. Mwaka 2002 makao yake yakahamia Nairobi. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, wa chini ya bahari, ulitua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na taratibu ikawezekana mwanafunzi kufungua kozi bila kusubiri ukurasa nusu saa.

Chuo Kikuu Pepe kikashirikiana na vyuo vikuu vya nchi 10, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, kuandaa moduli 73 za kuwafunza walimu wa hisabati, sayansi na kompyuta. Zilitolewa wazi, chuo chochote kizichukue na kuzirekebisha. Zilitoka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Vijitabu vya Mtu ni Afya vilikuwa vya Kiswahili.