Kigoma, Bandari ya Majirani

Meneja wa bandari ya Kigoma hakunipeleka ofisini. Alinipeleka ukingoni mwa gati, akachuchumaa, akanionyesha mistari ya kupimia maji iliyochorwa ukutani, ya chini imeota ukungu wa kijani. "Kazi yangu huanzia hapa," akasema. "Kabla sijampangia mtu nafasi, nijue ziwa limeamkaje."

Kwa kweli historia yote ya pwani hii imeandikwa na maji hayo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na mlango huo umewahi kuziba. Msafiri Stanley aliukuta umezibika mwaka 1876. Miaka miwili baadaye maji yalikuwa yameupasua, na ziwa likaanza kushuka kwa mita nyingi. Ujiji, mji wa jirani uliotajirika kwa pembe na watumwa, ukakimbiwa na maji. Ukienda leo penye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, itakubidi utembee ndipo uone ziwa. Lakini Kigoma ilikuwa na ghuba yenye kina, iliyokingwa na vilima. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam, kilomita 1,250 hivi, ikaishia huku mwaka 1914.

Mzigo mmoja mkubwa uliopita kwenye reli hiyo ulikuwa meli nzima. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa upya hapa na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, walipoona wanazidiwa, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walikuwa wamezipaka injini zake grisi nzito kwanza. Nawastahi sana mafundi wale. Waingereza walipoiopoa, injini zilikuwa hai, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Wabelgiji ndio walioiteka Kigoma mwaka 1916. Walipoondoka hawakutoka mikono mitupu: kwa mkataba wa 1921 walipewa eneo bandarini hapa na jingine Dar es Salaam, kodi yake faranga 1 kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Ukoloni umekwenda, njia imebaki. Saruji niliyoiona ikipakiwa asubuhi ile ilikuwa ya kwenda Kalemie, Kongo. Kuli mmoja, ngata kichwani, alikuwa akipanda ubao mwembamba na mfuko wa kilo 50, unga wa kijivu umemganda kwenye kope, na kila akifika juu anaita hesabu yake kwa sauti asije akadhulumiwa.

"Mukubwa, muzigo yetu itaisha leo?" nahodha wa boti akauliza, Kiswahili cha ng'ambo.

"Itaisha, ndugu yangu. Lakini upepo ukigeuka, mtalala hapa."

Nilimuuliza meneja ni siku gani asiyoisahau. Hakufikiri. Mei 2015, Warundi maelfu kwa maelfu walikimbilia kijiji cha Kagunga, mpakani, mahali pasipo gati. Liemba ilisimama mbali na ufuko, watu wakafikishwa kwake kwa mitumbwi. Yeye alikuwa karani wa mizigo wakati huo. Aliwapokea hapa wakishuka, kipindupindu kikiwa kimeshaingia kati yao.

"Nilizoea kuhesabu magunia," akasema. "Siku ile mama mmoja alinipa mtoto nimshikie, ashuke ngazi. Nikamshika. Aliposhuka hakumchukua mara moja, alikaa chini kwanza, pale, karibu na ile nguzo ya kamba. Nikasimama na mtoto wake mpaka alipoweza kuinuka."

Kuli akaita mia mbili na kumi na nne. Meneja akageuka kuangalia upepo.