Mashahidi wa Pate: Kuhusu Ithibati Zinazopingana

Mwanafunzi wa uzamili anayeandika juu ya Al-Inkishafi hana budi kupitia historia ya Pate, na hapo ndipo hukwama. Tarihi ya Pate inadai kwamba Wanabahani walifika kutoka Omani mwanzoni mwa karne ya 13, takriban 1204, na kwamba mkuu wao alimwoa binti wa mfalme mwenyeji, utawala ukahamia kwao. Neville Chittick, katika makala yake ya 1969, aliikataa tarehe hiyo kwa kutegemea akiolojia. Mwanafunzi huandika kwamba "wataalamu wanatofautiana", kisha huhamia aya nyingine. Huko si kuhitimisha. Ni kuikimbia kazi.

Kazi yenyewe ni kumuuliza kila shahidi amelijuaje analolisema. Tarihi tunayo katika matoleo kadhaa: la Stigand (1913), la Alice Werner (1914-15), la Heepe (1928), na mengine yaliyokusanywa na Marina Tolmacheva mwaka 1993. Mwanafunzi huyahesabu, akaona yanaafikiana kuhusu asili ya Wanabahani, akasema mashahidi ni wengi. La hasha. Mengi kati yake humrudia mtu mmoja, Bwana Kitini, naye mwenyewe alikuwa Mnabahani. Nasaba ya watawala, ikisimuliwa na mmoja wa ukoo wao, si kumbukumbu tu. Ni hoja ya haki ya kutawala. Kwa hiyo mafikiano ya matoleo hayo hayaliongezei dai uzito wowote. Yanapohitilafiana ndipo yanapotufaa zaidi, maana hapo tunaona masimulizi yakipangwa upya.

Wala akiolojia si hakimu wa mwisho. Mwaka 1997 Thomas Wilson na Athman Lali Omar walichapisha matokeo ya uchimbaji yanayoonyesha makazi ya Pate tangu karne ya 8. Ni rahisi kuyapokea kama ushindi wa tarihi dhidi ya Chittick. Lakini vigae huthibitisha kuwa watu waliishi pale. Havisemi ni nani aliyetawala mwaka 1204. Hoja ya Chittick kuhusu umri wa mji ndiyo iliyotikiswa. Shaka yake kuhusu nasaba yahitaji jibu jingine.

Tofauti hii inaigusa tasnifu moja kwa moja. Mtafiti anayeandika kwamba Al-Inkishafi inaomboleza fahari ya Kinabahani ya karne sita amempokea Bwana Kitini peke yake, hata kama tanbihi zake zinataja vitabu vinne.