Dawa Nayo Ihesabiwe: Hoja Kuhusu Upimaji wa Ubora wa Maisha kwa Wenye Pumu Kali

Pumu kali ina sifa moja inayoitenga na pumu nyingine: hutambuliwa kwa uzito wa dawa. Fasili iliyotolewa mwaka 2014 na jumuiya za wataalamu wa upumuaji za Ulaya na Marekani inasema kwamba mgonjwa ana pumu kali ikiwa anahitaji dozi kubwa ya steroidi za kuvuta pamoja na dawa ya pili ya kudhibiti ugonjwa, au steroidi za kumeza, ili pumu isimshinde, au ikiwa inamshinda ingawa anazitumia zote. Kwa maana hiyo, mgonjwa huyu anaishi na mambo mawili kwa wakati mmoja: ugonjwa unaombana kifua, na tiba inayogusa mifupa, sukari, usingizi na sura yake. Lakini hojaji iliyozoeleka zaidi katika kupima ubora wa maisha ya wenye pumu huuliza sana kuhusu jambo la kwanza na kidogo mno kuhusu la pili. Hoja ya makala hii ni kwamba upungufu huo si dosari ndogo ya kiufundi. Kipimo kisichoihesabu tiba hutoa picha pungufu ya maisha ya mgonjwa, na huweza kuwapotosha watafiti, madaktari na wapangaji wa fedha za afya.

Ni haki kuanza kwa kutambua yaliyofanikiwa. Kwa muda mrefu utafiti wa pumu uliegemea mashine: kiasi cha hewa ambacho mtu huweza kupuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza kilichukuliwa kuwa ndicho kipimo kikuu cha nafuu. Mwaka 1992 Elizabeth Juniper na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha hojaji ya maswali 32 yaliyogawanywa katika maeneo manne: dalili, shughuli zinazozuiwa, hisia, na vichochezi vya mazingira kama moshi na vumbi. Kila swali hujibiwa kwa alama 1 hadi 7 kwa kukumbuka wiki mbili zilizopita, na alama 7 ni ya asiyesumbuliwa kabisa. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba badiliko la takriban 0.5 katika wastani ndilo dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe huliona lina maana. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba namba za mashine na maisha ya mtu havifuatani kwa karibu: wapo wenye mapafu dhaifu wanaoendelea na kazi zao, na wapo wenye vipimo vya kuridhisha wasiopata usingizi. Sauti ya mgonjwa ikapata nafasi katika majaribio ya dawa.

Hata hivyo, hojaji hiyo ilikusudiwa wenye pumu kwa jumla, na wengi katika hao hutoshelezwa na inhela. Ndani yake mgonjwa huulizwa kama ana wasiwasi kwa sababu analazimika kutumia dawa, na kama anaogopa kukosa dawa karibu. Haulizwi kama dawa zenyewe zimemnenepesha, zimemnyima usingizi au zimembadilisha tabia. Hata hayo machache yanayohusu dawa hayana uzito wa kutosha katika hesabu. Tuchukue mgonjwa aliyekuwa hana wasiwasi wowote kuhusu dawa, alama 7, kisha akaanza vidonge vya steroidi na wasiwasi ukamjaa mpaka akajipa alama 1. Ikiwa majibu mengine 31 hayakubadilika, wastani wake unashuka kwa 6 gawanya kwa 32, yaani chini ya 0.2. Kizingiti cha 0.5 hakijafikiwa hata nusu. Ripoti itasema hali yake ni ileile, ilhali mwenyewe amehama kutoka ncha moja ya kipimo hadi nyingine katika jambo linalomkera kila siku.

Steroidi za kumeza, hasa prednisoloni, zimeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna hoja hapa ya kuzikataa. Lakini zina gharama mwilini. Uso huvimba, njaa huzidi, uzito hupanda, ngozi huwa nyepesi na kuvilia damu, hasira huja bila sababu. Kwa muda mrefu hufuata kisukari, shinikizo la damu, mtoto wa jicho na mifupa inayovunjika upesi. Wala si lazima mtu azimeze kila siku ndipo adhurike. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hatari ya baadhi ya madhara huanza kuongezeka jumla ya dozi zote alizomeza mtu inapokuwa kati ya nusu gramu na gramu moja. Dozi ya kawaida ya kumtuliza aliyebanwa ni kama miligramu 40 kwa siku kwa siku tano, yaani miligramu 200. Anayebanwa mara tatu ameshavuka nusu gramu. Haishangazi basi kwamba Michael Hyland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Plymouth, walipowahoji wenye pumu kali katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walikuta mzigo wa tiba ukitajwa kwa uzito huku hojaji zilizokuwepo zikiwa zimeupuuza. Mwaka 2018 walichapisha hojaji mahususi ya pumu kali yenye maswali 16, inayogusa pia mambo kama hofu ya madhara ya muda mrefu ya dawa na jinsi mgonjwa anavyoiona sura yake.

Majaribio ya dawa yanaonyesha uzito wa suala hili. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la DREAM la dawa ya sindano iitwayo mepolizumabu kwa wagonjwa 621. Kwa mwaka mzima mashambulio ya pumu yalipungua kwa asilimia 39 hadi 52 kulingana na dozi, lakini hojaji ya Juniper haikuonyesha tofauti kubwa na waliopewa plasebo. Mwaka 2014, katika jaribio la MENSA la dawa hiyohiyo, watafiti walitumia hojaji ya St George's, iliyobuniwa London na Paul Jones na wenzake, ambayo humwuliza mgonjwa waziwazi kama dawa zinamletea madhara na kama zinaingilia maisha yake. Safari hii nafuu ilionekana: alama 6.4 na 7.0 zaidi ya plasebo, wakati alama 4 zinahesabiwa kuwa na maana. Katika jaribio la SIRIUS la mwaka huohuo, nusu ya waliopata dawa waliweza kupunguza steroidi za kumeza kwa angalau asilimia 50, na hapo pia hojaji ya St George's ilionyesha nafuu. Majaribio haya yalitofautiana kwa wagonjwa na kwa mpangilio, kwa hiyo haifai kusema kwamba hojaji peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mtu ambaye mashambulio yake yamepungua kwa nusu hapati badiliko lolote la maana maishani. Anayechagua hojaji huwa pia ameamua ni nafuu ipi itakayoonekana na ipi itakayofichika.

Pingamizi la kwanza ni la kimbinu. Wapo watakaosema kwamba kuchanganya ugonjwa na madhara ya dawa katika alama moja kunavuruga kipimo, kwa sababu alama ikishuka hatutajua kilichoishusha. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linadai utaratibu bora wa kuripoti tu. Halidai tuache kuuliza. Alama za ugonjwa na za tiba zaweza kutolewa kando kwa kando, kisha zikaangaliwa pamoja. Zaidi ya hayo, uamuzi wa daktari na mgonjwa daima ni wa kupima faida dhidi ya hasara. Hojaji inayoorodhesha upande mmoja tu wa mizani haiwezi kuusaidia uamuzi huo, hata ikiwa takwimu zake ni safi kiasi gani.

Pingamizi la pili linahusu mgonjwa mwenyewe. Inasemwa kwamba binadamu huzoea: aliyeacha kupanda ngazi miaka mingi hatalalamika kuhusu ngazi, na aliyezoea uso uliovimba hatautaja. Basi majibu yake yana thamani gani? Ni kweli kwamba mazoea hupunguza malalamiko, na ndiyo sababu hojaji nzuri huuliza mtu ameacha nini, na maisha yake yakoje katika miezi mizuri na katika ile mibaya. Dirisha la wiki mbili linaweza kuangukia kipindi cha utulivu na kuficha mwaka mzima wa kukimbizwa hospitali usiku. Tatizo la mazoea linatutaka tuulize kwa upana zaidi. Wala mashine haiwezi kuchukua nafasi hiyo, kwa kuwa hakuna mashine inayopima aibu au uchovu.

Afrika Mashariki pingamizi huja kwa sura nyingine. Mwaka 2010 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani waligawa pumu kali katika makundi matatu: isiyotibiwa, iliyo ngumu kutibu, na sugu kwa tiba. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa kwetu wako katika kundi la kwanza, yaweza kusemwa kwamba mzigo wa dawa ni suala la nchi zenye dawa za ziada. Hali halisi ni kinyume. Inhela ya steroidi inapokosekana dukani au bei yake inapomshinda mgonjwa, pengo huzibwa na vidonge vya prednisoloni, ambavyo ni rahisi na hupatikana upesi. Uhaba wa dawa salama huongeza matumizi ya dawa yenye madhara, na mgonjwa hubeba mizigo yote miwili. Utafiti wa African Severe Asthma Program katika Uganda, Kenya na Ethiopia unaonyesha kwamba pumu kali sasa inachunguzwa kwa makini huku kwetu. Wakati wa kuchagua vipimo ni sasa, kabla havijawa desturi. Maswali yatokane na mahojiano na wagonjwa wa hapa: anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, anayebeba ndoo ya maji kupanda mlima, anayemeza vidonge kila anapobanwa bila mtu kuhesabu ni mara ngapi.

Yanayodaiwa hapa hayahitaji fedha nyingi. Kila utafiti wa pumu kali utumie hojaji inayouliza kuhusu madhara ya tiba, na uripoti alama hizo waziwazi. Kila kliniki ihesabu mikupuo ya steroidi aliyomeza mgonjwa kwa mwaka, iipime sukari yake na shinikizo lake la damu, na imwulize dawa zinamfanyaje. Na wanaoamua inhela zipi zinunuliwe kwa fedha za umma waingize katika hesabu gharama ya kisukari na mifupa iliyovunjika ambayo inhela hizo zingeepusha. Daktari humwandikia mgonjwa prednisoloni kwa nia ya kumrudishia maisha yake. Kupima kama kweli yamerudi, pamoja na yale yaliyochukuliwa na dawa yenyewe, ni sehemu ya wajibu huohuo.