Michango ya wahitimu wa vyuo vikuu na nafuu kwa wanafunzi

Katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi anayetoka katika familia ya kipato cha chini anaweza kuhitimu bila kudaiwa mkopo wowote. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo hutokana na fedha za hiari, na katika mstari wa mbele wa watoaji wamo watu waliowahi kuketi katika madarasa hayohayo.

Desturi hiyo ni ya miaka mingi. Wahitimu wa Chuo cha Williams, katika jimbo la Massachusetts, waliunda jumuiya yao mwaka 1821, na Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha mfuko wa michango ya wahitimu mwaka 1890. Michango ya namna hiyo huingia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hutumika katika mwaka husika, na la pili huingizwa katika mfuko wa kudumu unaoendeshwa kama wakfu.

Fedha za wakfu huwekezwa, na kwa kawaida chuo hutumia asilimia 4 hadi 5 tu ya thamani yake kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, zawadi ya dola milioni 1 hutoa dola 40,000 hadi 50,000 kwa mwaka, na huendelea kusomesha wanafunzi hata baada ya mtoaji kufariki dunia.

Mfano unaotajwa sana ni wa Michael Bloomberg, aliyewahi kuwa meya wa jiji la New York. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, baada ya kujisomesha kwa mkopo wa serikali na kazi za kibarua chuoni. Mchango wake wa kwanza kwa chuo hicho, alioutoa mwaka uliofuata, ulikuwa dola 5.

Novemba 2018 Bloomberg alitoa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya kuwasaidia wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kutokana na fedha hizo, chuo kiliondoa mikopo katika misaada yake na kuweka ruzuku isiyorejeshwa, na kikaahidi kwamba mwombaji hatapimwa kwa uwezo wa mfuko wa wazazi wake. Julai 2024 taasisi yake ya hisani ilitoa dola bilioni 1 nyingine, na kuwaondolea ada wanafunzi wa udaktari ambao familia zao hupata chini ya dola 300,000 kwa mwaka.

Athari za nafuu ya aina hii haziishii chuoni. Wanauchumi Jesse Rothstein na Cecilia Rouse, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walichunguza chuo kimoja kilichobadili mikopo kuwa ruzuku. Walibaini kuwa deni huwasukuma wahitimu kwenye ajira zenye mishahara mikubwa, na kupunguza uwezekano wa kuchagua kazi zenye malipo madogo lakini zenye manufaa kwa umma, kama vile ualimu.

Aidha, walipata dalili kwamba mhitimu mwenye deni hukichangia chuo chake kidogo zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya kuhitimu. Kwa maneno mengine, chuo kinachomwachia kijana mzigo wa mkopo huenda kinajipunguzia mfadhili wa kesho.

Hata hivyo, si kila mchango humfikia mwanafunzi mwenye shida. Watoaji wengine huelekeza fedha zao kwenye majengo au viwanja vya michezo. Vilevile, baadhi ya vyuo vimelaumiwa kwa kuwapendelea watoto wa wahitimu wakati wa kuchagua waombaji. Johns Hopkins kiliacha upendeleo huo mwaka 2014. Sehemu ya watoto na ndugu wa wahitimu miongoni mwa wanafunzi wapya ilikuwa asilimia 12.5 mwaka 2009, na ilishuka hadi asilimia 3.5 mwaka 2019.

Afrika Mashariki ilifuata njia nyingine. Kenya iliunda bodi ya mikopo ya elimu ya juu mwaka 1995, na Tanzania ilipitisha sheria ya kuunda bodi yake mwaka 2004. Mhitimu hurejesha alichokopeshwa, na marejesho hayo huwakopesha wanaofuata. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mshahara wa mnufaika aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa. Marejesho ni wajibu wa kisheria, na hata yanapokusanywa kikamilifu humpa mwanafunzi anayefuata deni jipya. Mchango ni hiari, na ukielekezwa kwenye ruzuku humwacha huru. Kwa hiyo, anayetaka kukikumbuka chuo chake hana budi kuuliza kwanza fedha zake zitatumika wapi, kwa kuwa hata kiasi kidogo kinachomlipia ada mwanafunzi aliyekwama humfikia mlengwa moja kwa moja kuliko jina lililochongwa ukutani.